Sauti Nzito ya Magori

Jumanne, tarehe 11 Machi. Tangu alfajiri mawingu yamelalia ziwa, manyunyu yanakuja na kuacha, upepo hakuna kabisa. Nguo nilizofua jana zinaning'inia barazani, hazikauki wala hazichuruziki.

Jana tumemzika Fundi Masatu huko Bugwema. Watu walikuwa wengi. Mjane wake, Mama Bwire, alinishika mkono akasema, "Nyafuru, wewe umekaa naye kwenye kazi, simama useme neno." Nikasimama. Nikasema alikuwa mtu mzuri na alinifundisha kazi, halafu nikakaa. Njia nzima ya kurudi Musoma nilikuwa natunga yale ambayo ningeyasema kama ningekuwa mtu wa kusema. Ndiyo maana leo naandika. Sijui kama naandika vizuri, maana shule niliiachia kidato cha pili, na mpaka leo nimekuwa naandikaga mvua na mambo ya nyumbani tu. Tena mtu akishazikwa kila mmoja anamwongezea sifa, na mimi sitaki kumwongezea. Nataka kuandika ule mwaka mmoja niliokaa katika chumba chao cha Mwisenge, hapa mjini. Nitauandika kama ulivyokuwa, au kama ninavyouona sasa, na hayo pengine ni mambo mawili.

Chumba kilikuwa cha mbele, upande wa njia. Ukutani kulikuwa na rafu za mbao zisizopakwa rangi, na juu yake televisheni zimepangwa migongo nje, zimefunguliwa, matumbo yanaonekana: nyaya, vumbi, mende waliokauka. Pazia moja la kitenge ndilo lililotenga karakana na jiko, kwa hiyo mchana harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka ilichanganyika na ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na hata leo nikikaanga furu najikuta nageuka kuangalia kama kuna waya unaungua. Tulikula juu ya meza ileile ya kazi. Fundi alisukuma skrubu pembeni kwa kiganja, Mama Bwire akatua sinia la ugali wa muhogo. Siku moja alikuja na kijiko mkononi, hana hata tabasamu. "Baba Bwire, leo nimekuta skrubu kwenye mchuzi." Fundi akanyoosha mkono. "Ndiyo ile tuliyoitafuta jana. Ilete." Akaifuta kwenye suruali, akaifunga mahali pake, akaendelea kula. Mama Bwire alinitazama mimi kama shahidi. Nilikuwa nacheka, lakini kichwa nimekiinamisha, maana sikujua bado kama nyumba ile inaruhusu kucheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Fundi alinichukua kwa sababu mikono yangu haikuwa inatetemeka na yake ilikuwa imeanza, na jambo hilo alilisema wazi kwa kila mteja. Yeye aliangalia, mimi nilichomelea. Wapo waliokubali na wapo waliochukua TV zao wakaondoka, na sikuwalaumu, hata mimi ningeogopa. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Nyakato alikuwa anasimama mlangoni kila akipita. "Fundi, huyu binti si atatuunguzia TV?" Fundi bila kuinua kichwa: "Ataunguza ya kwako kwanza, tuone." "Na wewe binti, ukiolewa utampikia mume risasi?" Nikamjibu, "Akiipenda." Alicheka mpaka akashika mlango. Ninaiandika hiyo kwa sababu ni moja ya mara chache nilizojibu mtu papo hapo. Nyingine zote majibu yangu huja nikiwa nimeshalala.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa sauti. Siku ya mawingu tulivu kama leo, antena za Musoma zilikuwa zinavuta picha za Kenya safi kabisa, ila sauti hakuna, kuna mvumo tu kama wa mafuta kwenye kikaango. Watu walidhani spika imekufa. Fundi aliwaeleza kwamba picha na sauti zinasafiri pamoja lakini zimeachiana nafasi kidogo, na nafasi hiyo kila nchi imejiamulia ya kwake. TV iliyotengenezwa kwa nafasi ya nchi moja inaenda kuitafuta sauti ya nchi nyingine mahali ambapo haipo. Tuliweza kuigeuza kwa kuzungusha koili moja ndogo kwa bisibisi ya plastiki, ila ukipata huku unakosa kule. "Chagua," Fundi alikuwa anawaambia, "unataka kuwasikia Wakenya au kutusikia sisi?" Mtu alichagua, akaenda, na baada ya muda akarudi kubadilisha. Kuna nyumba moja waliamua kuiacha hivyohivyo. Jioni walikaa mbele ya picha isiyo na sauti, na wenyewe ndio waliosema maneno ya wale watu, baba anasema ya mwanamume, binti anasema ya mwanamke. Nilikaa nao mara moja nikingoja kulipwa, nikasahau kilichonipeleka. Mpaka leo sijui wale watu wa kwenye kioo kwa kweli walikuwa wanagombana nini, ila nawakumbuka kwa sauti ya baba yule.

Katika ile rafu ilikuwepo televisheni moja ambayo haikuwa mbovu. Fundi aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na hakuiuza, ingawa Mama Bwire alikuwa anamuuliza kila wiki ile TV inangoja nini. Ilikuwa inakubali mifumo yote. Unaiwasha, inakaa giza kidogo kama mtu aliyeulizwa swali, halafu inaleta picha na sauti yake, iwe ya nchi gani. Tulipoifungua, koili tulizozoea hazikuwemo. Kulikuwa na vidude vyeusi vyenye miguu mingi, zile IC, na kimoja kilikuwa kikubwa kama biskuti. Fundi alisoma kitabu chake kwa siku nyingi, kidole chini ya mstari, ndipo akanieleza. Alisema televisheni nyingine zinaipitisha picha tu jinsi ilivyokuja. Hii inaipima picha kila kipande, inaigeuza kuwa namba, inahesabu ili ijue ni ya mfumo upi, halafu inaichora upya. Tena haichori mstari mpya kabla ya kuulinganisha na uliotangulia, ambao imeuweka kichwani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na rangi ikiwa imekosewa inaisawazisha kati ya ile miwili. Kama nilimwelewa vizuri. Inawezekana kabisa sikumwelewa. Lakini neno hilo la kuuweka mstari uliopita lilinikaa, na mchana nikiwa natafuna ugali nilikuwa naiangalia ile TV iliyozimwa nikifikiri kwamba ndani mle kuna kitu kilichoumbwa kukumbuka kidogo tu, kwa kiasi cha kumfaa anayefuata.

Sasa nafika kwa Josefu. Alikuwa kijana wa Butiama, mpole, mwalimu wa shule ya msingi. Alileta deki ya video kifuani kama anayebeba mtoto mgonjwa, akasema, "Inaburuza sauti." Fundi hakumuuliza zaidi. Deki ikiburuza sauti ni belti imelegea, hilo kila fundi analijua. Tukafungua, tukatoa belti, tukaweka mpya, kisha tukaijaribu kwa kaseti yetu ya kwaya ikaimba vizuri. Tukasema imepona. Kwamba tungeijaribu kwanza kabla ya kuifungua, hilo halikumjia hata mmoja wetu. Chumba kile hakikuwa na desturi hiyo: mtu akishasema inaburuza, basi inaburuza.

Baada ya siku chache Josefu alirudi. Safari hii alibeba kaseti peke yake, bila deki, imefungwa kwenye leso. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara mbili. Ndipo akatueleza habari yote. Kaka yake, Magori, yuko Marekani miaka mingi, na safari hii badala ya barua kampa mtu kaseti aje nayo. Nyumba nzima ikakusanyika kuangalia. Wakaona mistari inayopinda na kitu kama kivuli kinachopanda bila kuisha, na sauti nzito, inayokokota, ambayo si ya Magori. Mama yao, Bibi Wakuru, akasimama akatoka nje. Josefu akawaambia deki ni mbovu, ndiyo akaileta kwetu. Aliporudi nayo imetengenezwa, akaweka kaseti tena, na sauti ikawa ileile.

"Mama akasema, basi, hata fundi kashaitengeneza," Josefu alisema. "Kama deki ni nzima, huyo anayeongea si mzima. Kesho yake nikamkuta kanyoa nywele."

"Kanyoa?" Mama Bwire aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Kanyoa, Mama Bwire. Anasema Magori ameshafariki na ile ni sauti yake ya huko aliko. Barua nimeandika, haijajibiwa. Padri amekuja kamwambia asubiri, hasikii. Jumamosi wazee wa ukoo wanakutana kumaliza msiba. Wakishamaliza, wataniambia nihamie kwenye kiwanja cha Magori, nikirithi."

Fundi aliitia ile kaseti kwenye deki yetu. Nilisikia. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyechoka kuliko uchovu wa kawaida, kila neno linavutwa kama mtu anayepanda mlima na gunia, na nyuma yake mistari inapinda, na mara moja nilidhani nimeona mkono. Sikuogopa, na najiuliza kwa nini. Ilinifanya nipate usingizi, kama unaposikia watu wazima wanaongea chumba cha pili na hujui lugha yao. Mama Bwire akasema, "Zimeni hiyo. Jamani zimeni." Fundi akazima. Alikaa ameshika ile belti ya zamani, anaivuta kwa vidole viwili, anaiachia. Haikuwa imelegea, ilikuwa nzima kabisa. Aliiona yeye na niliiona mimi, na Josefu, ambaye hakujua belti inatakiwa iweje, alikuwa anatutazama tu usoni.

Aliyetufungulia macho alikuwa Mkama wa Bunda, mwenye banda la video. Watu wa kazi yetu walimwita mpiga domo, na kweli alikuwa mpiga domo, lakini kwa haki lazima niseme kwamba ndiye aliyejua. Tulipompelekea ile kaseti tulimkuta anakula maharage na chapati nyuma ya banda lake. Aliangalia kaseti, akageuza, akasoma karatasi yake.

"Masatu, ulibadilisha belti?"

"Nilibadilisha."

"Ungebadilisha na kichwa." Akacheka peke yake, akafuta mdomo. "Hii ya Marekani, bwana. Kaseti yao inakimbia, deki zetu zinatembea. Ukiisoma kwa mwendo wetu, mtu mzima anakuwa kama amelewa. Na picha mfumo wake mwingine. Mimi ninayo deki ya kuisoma, ila nikiiunganisha kwenye TV yangu inakataa rangi na picha inapanda juu."

"TV ninayo mimi," Fundi alisema. "Naomba deki."

"Deki yangu hailalagi nje bila mimi."

"Basi na wewe njoo."

Mkama akaona sasa hakuna mzaha. Akafunika maharage kwa sahani.

Tulifika Butiama Ijumaa mchana kwa pikapu ya rafiki wa Mkama, TV katikati ya magodoro, mimi nimeishikilia. Nyumba ya Bibi Wakuru ilikuwa ya matofali, sakafu ya saruji inayong'aa, picha ya Bikira Maria ukutani na chini yake picha ya marehemu mume wake amevaa kofia. Watu walikuwa wameshajaa: wakwe walioolewa katika ukoo, majirani, wazee wawili waliokuja mapema kwa ajili ya kesho. Bibi alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, kichwa kimenyolewa, kimefunikwa kitambaa. Fundi alimwamkia kwa kuinama sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetengeneza deki?"

"Ni mimi, mama. Haikuwa mbovu. Niliitengeneza wakati haikuwa mbovu."

"Sasa umekuja kutengeneza nini?"

 Mkama alikuwa ameshapiga magoti anachomeka nyaya. Fundi akajibu, "Nimekuja uangalie mara moja tu. Ukisema siye, nitafungasha vitu vyangu, nitakaa na nyie kesho kwenye msiba."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba hayo ni mambo ya mashine. Bibi akasema, "Ngoja niangalie."

TV ikakaa giza. Ninachokikumbuka ni giza lile, na mbuzi nje, na Josefu amesimama nyuma ya mama yake bila kumgusa. Halafu ukaja ukuta wa njano, kochi, na mtu kwenye kochi. Alikuwa amevaa sweta. Nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe, sijui kama ni theluji au ni mwanga tu. Akasema, kwa sauti nyembamba ya haraka, "Mama, shikamoo. Ni mimi Magori. Mimi ni mzima kabisa." Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kulia, akaambiwa anyamaze. Magori akaendelea. Akauliza habari za ng'ombe, akamtania Josefu kuhusu kuoa. Akamwita mwanamke, akakaa naye kwenye kochi, akasema, huyu ndiye ninayetaka nije naye, lakini siji mpaka wewe mama umekubali, mwambie Josefu aniandikie. Yule mwanamke akapunga mkono. Wakwe wawili wakampungia, kisha wakaona aibu.

Bibi hakulia. Alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo, akaangalia mpaka mwisho, na picha ilipokwisha zikabaki chenga tu kiooni, akaendelea kuangalia chenga. Mwishowe akasema, "Ni yeye. Amekonda." Josefu akashusha pumzi kwa nguvu, wote tulimsikia. Yule mzee aliyenung'unika akamwuliza mwenzake, kwa hiyo kesho vipi, na mwenzake akasema kesho si hamna.

Nilidhani hapo imekwisha, nikaanza kukunja waya. Bibi akamwambia Fundi, "Sasa niwekee ile ya kwanza."

"Ipi, mama?"

"Kwenye deki ya Josefu. Ile inayovuta."

Mkama akasema, "Mama, ile ni makosa. Ni mwendo tu."

"Nimeelewa ni mwendo. Niwekee."

Watu walitazamana. Fundi hakumuuliza sababu, na hilo ndilo nililotaka kulisema jana kule Bugwema nikashindwa. Alihamisha nyaya mwenyewe, kwa mikono yake inayotetemeka, akachukua muda, akakataa nimsaidie. Sauti nzito ikaanza. Kwenye kioo mistari ikapinda. Bibi hakuangalia kioo kabisa. Aliangalia chini, kwenye saruji, ameshika goti, na baada ya muda akaanza kutikisa kichwa kidogokidogo kama anayesikiliza mtu anayemweleza jambo refu analolijua tayari. Ilipokatika akainua kichwa.

"Hiyo ni sauti ya baba yao," alisema. "Hivyohivyo, alipokuwa anaongea ameshiba, jioni. Yule ni mwanangu, huyu ni mume wangu. Mlikuwa mmenichanganyia."

Mkama aliangalia deki kama ndiyo imesema. Mmoja wa wazee alivua kofia, na nikadhani anaitazama ile picha ya ukutani, ila sina hakika, huenda nimeongeza mimi baadaye. Nimekaa na maneno ya Bibi miaka yote hii na bado sijui niyaweke wapi. Kwa hesabu za Mkama alikuwa amesikia kosa. Lakini mtoto kurithi sauti ya baba yake si kosa, ilikuwa mle ndani muda wote, na kama isingekuwa mashine mbaya nadhani hakuna ambaye angeisikia. Fundi alijaribu kunieleza siku nyingine kwa habari za mawimbi, akaacha katikati, akasema, "Sijui, Nyafuru. Tuchomelee." Alipenda sana kujua mambo, na lile hakulijua, na hakujifanya.

Bibi akamgeukia Josefu. "Kaa uandike. Mwambie nimemwona na nimemwona na mwenzake. Aje naye. Mwambie ale." Kisha akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, na wakwe wakamfuata wakimwambia mama kaa, tutapika sisi, na yeye akawajibu kwa Kizanaki kitu kilichowafanya wacheke. Fundi alitaka tuondoke mapema, akasema njia ni mbaya. Hakuna aliyemjali. Mkama alikuwa ameshavua viatu.

Jioni ile kwa Bibi Wakuru tulikula ugali wa mtama na muhogo, jogoo wa mchuzi, mlenda na maziwa ya mgando. Firigisi Bibi aliitoa kwenye sufuria kabla hajampakulia mtu, akaiweka kwenye kisahani, akasema hiyo ni ya Magori. Ilikaa pale katikati yetu tukiizunguka kwa mikono, mpaka yeye mwenyewe alipomwambia Josefu aile kwa niaba ya kaka yake, maana Marekani ni mbali na itaharibika.